Wembe wa Kiti cha Pili

Jina la Wembe alipewa na wateja, yeye hakulitafuta. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye ulimi mwepesi na mkono mwepesi zaidi ya ulimi, akinyoa ndevu za watu katika saluni ya kaka yake. Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye viti viwili mbele ya kioo. Kiti cha kwanza, cha mlangoni, kilikuwa cha kaka mwenyewe. Cha pili, kule ndani karibu na sinki, kilikuwa cha Wembe. Mteja mgeni aliingia, akaona mwanamume na mwanamke, akaenda kukaa kwa mwanamume. Akirudi mara ya pili alikuwa ameshaona kidevu cha mwenzake kilivyochongwa, akasubiri kiti cha pili hata kama cha kwanza ki wazi. Kaka alijitia hamnazo, akawa anafuta kioo ambacho hakikuwa na doa.

Wembe hakunyoa bila glavu. Wengi walidhani ni usafi tu, na kweli usafi ulikuwemo, lakini zaidi ilikuwa kucha zake. Tangu utotoni fangasi walizila kucha hizo zikawa nene, za manjano, zinabanduka kama magamba. Na mdomoni, utando mweupe ulikuja na kuondoka upendavyo. Mama yake alimbeba mgongoni kutoka zahanati moja hadi nyingine, mpaka hospitali kubwa ikasema wazi: mtoto huyu amezaliwa na upungufu wa kinga ya mwili. Ni ya kurithi. Haiambukizi, wala haina dawa ya kuiondoa. Atameza vidonge vya fangasi mpaka avizoee kama chai.

Sasa, neno "upungufu" na neno "kinga", ukiyaweka pamoja mbele ya watu, hakuna anayesubiri neno la tatu. Wembe alikuwa amepima virusi vya UKIMWI mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, na kila mara hakuwa navyo. Si kwamba aliwadharau walio navyo. Binamu yake mmoja aliishi navyo, anameza dawa zake, analea watoto wake, mzima wa afya kuliko Wembe mwenyewe. Kilichomchosha ni kueleza. Kila kazi aliyoomba kabla ya ile ya saluni ilikwama kwenye kucha, kila mchumba alikwama kwenye maelezo. Mwishowe akawa anasema, "Nimezaliwa hivi," anafunga mdomo, anavaa glavu.

Alikuwa na mteja wake wa siku nyingi, mwalimu mstaafu wa hesabu, mzee wa maneno mengi ambaye alinyolewa huku akisimulia. Asubuhi moja Mwalimu alikuwa amelazwa kitini, povu la sabuni limempanda mpaka masikioni, anasimulia jinsi alivyomkamata mkaguzi wa shule amekosea kujumlisha. Wembe alikuwa amefika chini ya taya. Ghafla akahisi midomo yake inatambaliwa, kama siafu wanapita. Kabla hajajiuliza ni nini, vidole vya mkono wa kulia vikaanza kujikunja vyenyewe. Gumba likaingia kiganjani, vile vingine vikanyooka na kubanana, mkono mzima ukakakamaa kama mdomo wa ndege. Na wembe ulikuwa humo humo, kwenye koo la mtu.

Hakupiga kelele. Alipeleka mkono wa kushoto, akakishika kile kifundo cha mkono wa kulia na kukivuta nyuma polepole, mpaka chuma kikaachana na ngozi. Ndipo akapumua.

"Mbona umesimama?" Mwalimu akauliza, macho kayafumba.

"Kaka," Wembe akaita, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa, "njoo ummalizie Mwalimu."

Kaka alipouona ule mkono alibadilika rangi. Akachukua wembe, akammalizia Mwalimu. Mwalimu alipoondoka ndipo aliposema, "Ni huo huo ugonjwa wako. Umechoka. Nenda ukalale."

Hivyo ndivyo walivyozoea pale nyumbani. Akiumwa kichwa, ni ugonjwa wake ule. Akikosa hamu ya kula, ni ule ule. Kila kitu kilitupwa kwenye kapu moja na kapu likafunikwa, na Wembe mwenyewe alishaizoea dhana hiyo. Akaenda, akalala.

Siku chache baadaye alikuwa uani na mama yake wakianika nguo. Mama aligeuka kuchukua kibanio, na alipogeuka tena alimkuta bintiye chini, mwili unarukaruka, povu mdomoni, shuka lililolowa limemfunika nusu. Hospitali ya karibu ikasema ni kifafa. Walimpa dawa za kifafa, naye akazimeza kwa utiifu. Zilimfanya asinzie hata akiwa amesimama, ila vidole viliendelea kukunjika vilivyotaka.

Kaka akakata shauri. "Kuanzia leo utakaa kaunta. Upokee watu, ufagie nywele, upige gumzo. Wembe hutashika."

"Nikae kaunta kama ua la plastiki?"

"Dada yangu, ile ilikuwa shingo ya mtu."

Kaka alisema kweli, na ukweli huo ulimuuma kuliko tusi. Kwa muda alifagia nywele za wateja wake mwenyewe zikianguka kutoka kiti cha kwanza. Kisha siku moja, akiwa ameegemea fagio, akajiuliza swali ambalo hajapata kujiuliza maishani: na kama si ule ule? Alikuwa na fangasi tangu kuzaliwa, na fangasi hawajawahi kumkunja vidole. Akaweka fagio chini. Akapiga moyo konde, akarudi hospitali kubwa kwa daktari aliyekuwa akifuatilia kinga yake tangu utotoni.

Daktari yule wa kinga alikuwa akiandika, anaitikia "mh, mh," mpaka aliposikia habari ya vidole. Kalamu ikasimama. Akainuka, akazunguka meza, akamgonga Wembe shavuni kwa ncha ya kidole, hapo mbele ya sikio. Pembe ya mdomo ikaruka yenyewe. Akagonga tena, ikaruka tena.

"Umekaa na hali hii tangu lini?" akauliza, na bila kungoja jibu akaita wapime damu upesi.

Kalsiamu ilikuwa imeshuka mno. Walimlaza siku hiyo hiyo, wakamtundikia dripu inayotiririka taratibu, na jioni vidole vilifunguka, vikawa vidole tena. Wembe alivitazama, akavikunja na kuvikunjua kama mtu anayejaribu viatu vipya.

Kesho yake alikuja daktari wa homoni, mama mfupi mwenye miwani mikubwa na sauti ya mtu asiye na haraka. Mama yake Wembe alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, mkoba mapajani.

"Huna kifafa," daktari akasema. "Nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele. Kazi yake ni kulinda kalsiamu kwenye damu isishuke. Vyako vimeharibiwa."

"Na nini? Fangasi?"

"Na kinga yako mwenyewe."

Wembe akacheka. "Daktari, mimi tangu nizaliwe naambiwa sina kinga. Leo unaniambia ninayo mpaka inanipiga?"

"Unayo, na haina adabu," daktari akasema, naye akitabasamu. "Kinga ni kama walinzi. Kwa watu wengi, mlinzi hufundishwa kwanza nani ni mwenyeji na nani ni mwizi. Wako hawakufundishwa vizuri. Fangasi wanapita mlangoni wanaachwa, halafu mlinzi anageuka anampiga mwenye nyumba. Na wenye nyumba anaopenda kuwapiga ni tezi, hizi zinazotengeneza homoni. Kwa hiyo lazima tuwe macho. Leo ni hivi vitezi vya kalsiamu. Kesho zinaweza kuwa zile tezi mbili zinazokaa juu ya figo. Ukiona ngozi inakuwa nyeusi bila sababu, kizunguzungu ukisimama, hamu ya chumvi isiyo ya kawaida, usingoje. Njoo."

Mama akauliza swali lililokuwa limemkaa kooni. "Nani kampa haya?"

"Wewe nusu, baba yake nusu. Mwenye nusu moja haumwi wala hajui kama anayo. Hakuna aliyekosea, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Lakini daktari alipotoka, akaanza kufungua na kufunga mkoba wake. "Nilikunyonyesha," akasema, "nikidhani nakupa maziwa tu."

"Ulinipa na mdomo huu ninaotukania watu, mama. Mbona huo hujawahi kuuombea radhi?"

Mama alicheka akilia, akampiga begani. Hawakulirudia tena jambo lile.

Wembe alitoka hospitali na vidonge vya kalsiamu na vya vitamini D ya aina maalumu, akaachishwa vile vya kifafa taratibu. Akakaa wiki kadhaa akijipima: anasuka, anashona vifungo, anamenya viazi kwa kisu chembamba kuliko vyote jikoni. Vidole havikukunjika. Akagundua pia kwamba mwili haumvamii bila hodi. Siafu wa midomoni ndio hutangulia. Ndipo akavaa glavu, akaingia saluni, akasimama nyuma ya kiti cha pili.

"Hapana," kaka akasema.

"Midomo ikianza tu, naweka wembe chini. Kabla ya vidole. Nimeshajifunza."

"Na siku usiposikia?"

"Na wewe siku ukipiga chafya?"

"Usinichekeshe. Siwezi."

Mabishano yale yaliendelea siku nyingi, kwenye saluni na mezani kwa mama. Wakati huo huo neno likavuja. Kaka alikuwa akiongea na mke wake kwenye simu, akasema "kinga ya dada," na mteja aliyekuwa akingoja akaondoka na maneno hayo kabla hata hajanyolewa. Kufikia mwisho wa wiki benchi la wateja lilikuwa tupu nusu, na waliokuja waliangalia glavu za Wembe kama vile zina meno.

Alivumilia siku mbili. Siku ya tatu, watu wakiwa wamekaa, akasimama katikati ya chumba.

"Nasikia mnaongea, basi niwarahisishie," akasema. "Kinga yangu ina hitilafu niliyozaliwa nayo. Si virusi. Na hata ingekuwa virusi, nyembe hapa ni mpya kwa kila mtu na mashine zinapigwa spiriti mbele ya macho yenu. Mkono wangu ulikakamaa kwa kukosa kalsiamu, sasa nameza kalsiamu. Anayetaka kuuliza, aulize mimi. Asimuulize jirani."

Mtu mmoja akakohoa. Kaka aliinamisha uso kwenye droo kama anayetafuta kitana.

Mwalimu, aliyekuwa kwenye benchi akisubiri kiti cha kwanza, akakunja gazeti lake. "Mimi nina swali," akasema. "Shingo iliyokuwa chini ya wembe siku ile ni ya nani?"

"Yako, Mwalimu," kaka akajibu.

"Sasa mbona kikao chote hiki mmekaa bila mwenye shingo?" Akainuka, akapita kiti cha kwanza, akaenda kuketi cha pili. "Mtu ambaye mkono wake umemgomea, na bado akautoa kooni kwangu bila hata mkwaruzo, ndiye ninayemtaka. Nyoa."

Kaka alisimama pale na mikono kiunoni muda wote Wembe alipokuwa akinyoa, kama mlinzi wa benki. Wembe alimaliza, akafuta povu, akampa Mwalimu kioo cha mkononi. Kaka akashusha mikono, akasema tu, "Haya. Lakini siafu wakija, unaniambia."

Miezi ikapita. Wifi yake, mke wa kaka, ndiye aliyeanza. "Wifi, umepata wapi jua la kuota? Unazidi kukolea." Wakacheka. Lakini Wembe alipofika nyumbani alivua glavu, akatazama viganja vyake: mistari ilikuwa imekolea kama imechorwa wino. Akafungua mdomo mbele ya kioo, fizi nazo zina madoa. Akakumbuka kwamba jana alilamba chumvi kutoka kiganjani huku akipika, akalamba tena, na hakushtuka. Kila asubuhi akiinuka kitandani ilibidi ashike ukuta.

Hakusubiri kuanguka. Kesho yake alikuwa hospitali, na vipimo vikasema alichokiogopa: zile tezi za juu ya figo zilikuwa zinazimika. Homoni zake itabidi azimeze maisha yake yote, asikose hata mara moja.

"Na ukiumwa, unaongeza," daktari wa homoni akamwambia. "Ukitapika vidonge, sindano. Mwili usio na homoni hii ukipata msukosuko, presha inaporomoka, na mtu anaweza kufa siku hiyo hiyo. Unaishi na kufanya kazi na nani? Huyo lazima ajue kuchoma."

Aliyefanya naye kazi ni kaka, na kaka alikuwa mtu anayeangalia ukuta hata akichanjwa mtoto wake.

"Mwambie mama," akasema.

"Mama haoni vizuri. Utamwambia achome paja, achome godoro."

"Wifi yako je?"

"Wifi hayuko saluni. Kaka, mimi nimebembeleza kiti siku nyingi. Wewe nakubembeleza mara moja tu."

Kaka alifundishwa na muuguzi, akichoma chungwa. Alitoka jasho hata kwa chungwa. Vichupa vya dawa na mabomba ya sindano vikawekwa kwenye droo ya chini ya kioo, na kila kaka alipoifungua kuchukua taulo alizungusha macho visimuangalie.

Ikafika siku tumbo lilipomvuruga Wembe. Alitapika asubuhi, akameza vidonge tena, vikarudi. Alijua anachotakiwa kufanya. Lakini benchi lilikuwa limejaa, na Mwalimu alikuwa ameshafunikwa shuka, na ukaidi uliomfikisha pale ulimwambia: mmalizie huyu kwanza. Hilo ndilo kosa lake. Alinyoa shavu la kulia. Alipozunguka kwenda la kushoto, akaweka wembe kwenye sinki kwa uangalifu, akasema, "Kaka, droo," na akaporomoka.

Kaka alifika kabla kichwa hakijagonga sakafu. Ngozi ya dada yake ilikuwa baridi, inateleza kwa jasho. Macho yalikuwa wazi ila hayamtazami mtu. Watu wakasimama, mmoja anasema maji, mwingine anasema apepewe.

"Acheni maji!" kaka akafoka. Alivuta droo, ikachomoka yote, taulo zikamwagika. Akashika kichupa, akavutavuta kifuniko, kikagoma.

Mwalimu alikuwa ameshapiga magoti upande wa pili, shuka shingoni, nusu ya uso ina povu. "Pumua kwanza wewe," akamwambia. "Siku ile mkono ulimgomea dada yako. Kichwa hakikumgomea. Taratibu."

Kaka akavuta pumzi. Akabonyeza kichupa, maji yaliyokuwa sehemu ya juu yakaingia kwenye unga wa dawa chini. Akatikisa, akavuta dawa kwenye bomba. Akapandisha nguo ya dadaye, akatafuta upande wa nje wa paja. "Nisamehe," akasema, akachoma. Akasukuma mpaka mwisho, akachomoa, akakandamiza kwa kitambaa. Kisha yeye mwenyewe akakaa sakafuni, uso umemparara, na mteja mmoja ikabidi ampepee.

Mwalimu ndiye aliyetoka barabarani kusimamisha gari, akiwa na shuka la kinyozi na ndevu upande mmoja, na dereva alisimama, labda kwa mshangao. Hospitali kaka aliwaambia kila kitu kwa pumzi moja: ugonjwa, dawa, ameichoma mwenyewe. Muuguzi wa mapokezi hakumuuliza mara mbili. Dripu ikatundikwa pale pale.

Wembe alipozinduka sawasawa alimkuta kaka pembeni, anautazama mkono wake mwenyewe wa kulia.

"Umenichoma?"

"Nimekuchoma."

"Paja gani?"

"Mjinga wewe! Ungekufa ukimnyoa mtu!" Na hapo akalia, mwanamume mzima, bila kuficha uso. Wembe akamwacha alie. Safari hii hakuwa na mzaha wa kutoa.

"Nilikosea," akamwambia. "Nilijua, nikachelewa. Haitatokea tena."

Kabla hajaruhusiwa, daktari wa homoni alimletea majibu mengine. Hedhi ya Wembe ilikuwa imekatika muda mrefu, naye alidhani ni uchovu. Sivyo. Ovari nazo zilikuwa zimeguswa. Mtoto wa tumbo lake mwenyewe, daktari alisema bila kumzungusha, asimtarajie. Wembe aliomba aachwe peke yake. Aligeukia ukuta, akakaa hivyo mpaka chakula cha mchana kikapoa. Hili hakuwahi kulizungumza na mtu, lakini alikuwa na jina tayari, la mtoto wa kike.

Daktari aliporudi, macho ya Wembe yalikuwa yamevimba, ila sauti ilikuwa imara. "Niambie kinachofuata."

"Pengine hakuna. Pengine tezi ya shingo, pengine sukari. Kwa sasa kuna homoni nyingine za kumeza kulinda mifupa. Na tutapima, kila baada ya muda."

"Basi tupime. Sitaki tena kushtukizwa na mwili wangu mwenyewe."

Akarudi saluni wiki iliyofuata. Mwalimu alikuwa wa kwanza kitini, akidai amekaa na ndevu nusu kwa heshima yake, ingawa ilionekana wazi kwamba amepita kwa kinyozi mwingine.

Walipofunga siku hiyo, Wembe alisimama nje, akitazama juu ya mlango mahali palipoandikwa jina la utani la kaka peke yake.

"Nataka na la kwangu," akasema.

Kaka akaangalia juu, akakuna kidevu. "Ubao wenyewe mdogo. Herufi hazitatosha."

"Basi kesho tukanunue mkubwa."